Niliambiwa Nisitoe Sauti

Wifi yangu aliingia saluni mchana, akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, na nikajua mara moja kwamba hakuja kusukwa. Nilikuwa namsuka binti mmoja anayeolewa Jumamosi. Wifi alinitazama kupitia kioo, akasubiri nimalize msuko niliokuwa nimeushika, kisha akasema:

"Baba mdogo anakuja mwisho wa mwezi ujao. Tutakaa kikao. Mwambie mdogo wangu asijifanye ana kazi siku hiyo."

"Kikao cha nini, wifi?"

"Cha hilo tumbo lako. Mwaka umepita na bado ni bapa kama sahani."

Mwenzangu wa kiti cha pili, ambaye sote tunamwita Redio kwa sababu hazimwi, alizima draya ili asikie vizuri. Mteja wake alikuwa na nywele mbichi kichwani na wala hakulalamika. Naye alikuwa anasikiliza.

"Hayo ni mapenzi ya Mungu, wifi," nilisema.

"Mungu hajakataa. Ila na yeye anataka kuona watu wanajishughulisha." Alisimama, akakung'uta sketi kana kwamba nywele za watu zimemrukia. "Kikao kikiamua kwamba urudi kwenu, utarudi. Usije kusema hukuambiwa."

Alipotoka, bibi harusi mtarajiwa aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, na mimi wataniuliza hivyo?"

"Usigeuze kichwa," nikamwambia.

Redio akawasha draya, kisha akapaza sauti kuishinda draya yake mwenyewe. "Shoga, kwani huyo Fundi wako anachoka sana huko kwenye vigae? Mwambie asipige magoti mchana kutwa, abakize nguvu za nyumbani!"

Saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Kucheka nilikuwa nimekuweza. Pale saluni kila mwanamke mume wake ni simba, na kila mwanamke usiku halali. Nilishajifunza ni wapi pa kucheka, wapi pa kuguna na wapi pa kusema "we!" huku nimeziba mdomo, ili nionekane na mimi ninayajua.

Ukweli ni kwamba nilikuwa siyajui. Nilikuwa nimeolewa mwaka na zaidi, na tendo la ndoa lilikuwa halijawezekana hata mara moja.

Siku moja kabla ya harusi, shangazi yangu aliniingiza chumbani, akafunga mlango, akaniambia kilichoitwa mafunzo. Yalikuwa mafupi. "Itauma," alisema. "Kila mwanamke anaumia. Wewe vumilia, usitoe sauti. Mwanamume akisikia kelele anavunjika moyo." Kisha akaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa, tukatoka kwenda kuonja wali kama umeiva.

Basi nikavumilia. Lakini mwili wangu haukuwa umehudhuria mafunzo hayo. Kila mume wangu aliponisogelea, chini kulifunga. Sikufunga mimi. Ilikuwa kama mlango ambao mtu mwingine ameushikilia kwa ndani, na mume wangu akijaribu kuusukuma napata maumivu ya moto, ya kuchanika. Nilikuwa nakaza meno na kutazama pembe ya dari. Akiniuliza, "Inauma?" nasema, "Haiumi." Mwisho alikuwa anaacha mwenyewe, ananiomba radhi, na mimi namwambia hakuna neno.

Miezi ya mwanzo ilikuwa hivyo. Baadaye likaja jingine. Na yeye mwili wake ukaanza kukataa, tena kabla hata hajanifikia. Alinunua chupa fulani inayouzwa stendi, akainywa, moyo ukamwenda mbio mpaka asubuhi na hakuna kingine kilichoamka. Mimi nilinunua unga wa mizizi kwa mama mmoja, ukaniwasha siku nzima nikiwa nimesimama nasuka watu. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Akaanza kukubali kazi za mbali, anarudi ameshakula, analala uso ukutani. Tulikuwa tunaongea kuhusu balbu iliyoungua na bei ya gesi. Hilo hatukuligusa.

Nami nampenda. Niseme hivyo mapema, maana mtu anaweza kudhani nilikuwa simtaki. Ni mtu mpole mwenye magoti magumu kama kisigino, anayeweza kukaa dakika nyingi akikitazama kigae kimoja kabla hajakikata. Wifi ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, akamsomesha, akamtafutia kazi ya ufundi. Kwa hiyo neno la wifi kwake lilikuwa zito. Nilimwambia habari ya kikao, akaendelea kufungua viatu. Nilisubiri aseme "Hawatakurudisha." Hakusema.

Ule ukimya ndio ulionipeleka hospitali. Nilikwenda kupima kizazi, ili siku ya kikao niwe na cha kusema. Nesi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo mwenye mikono mipana. Nilipanda kitandani, akaja na kile chombo chao, na kabla hakijanigusa kiuno changu kilipanda juu chenyewe. Nilirudi nyuma kwa mgongo mpaka kichwa kikagonga ukuta.

Nilijua atanifokea. Nimeshasikia wanavyofoka. Yeye akakirudisha chombo kwenye trei.

"Haya, tusilazimishe," alisema. "Na nyumbani huwa hivi hivi?"

Nikatazama dari, nikasema, "Ndiyo." Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuambiwa.

"Mdogo wangu, hili lina jina na lina tiba. Kuna mtaalamu anakuja hapa kila Jumatano, chumba cha mwisho, baada ya kile cha mazoezi ya viungo. Anatibu mambo ya tendo la ndoa. Uende na mumeo."

Kumwambia mume wangu ilinichukua siku kadhaa. Nilimwambia akiwa anakula, ili asiweze kuondoka.

"Anatibu vipi?" aliuliza.

"Sijui."

"Yaani tunaingia mle ndani, halafu… anatuangalia?"

"Sijui, Fundi."

"Mimi siwezi kuangaliwa. Mimi hata fundi mwenzangu akinisimamia nakata kigae vibaya."

Lakini Jumatano ilipofika alioga sana, akavaa suruali ya harusi, akabeba mfuko. Tukaingia chumba cha mwisho. Zamani kilikuwa stoo, maana bado kulikuwa na magongo ya wagonjwa yameegemea pembeni. Kulikuwa na meza, viti, feni inayolia, na mwanamke mnene wa umri wa mama zetu aliyekuwa amevua viatu chini ya meza. Alitukaribisha, akajitambulisha kuwa yeye ni mshauri, kisha akautazama ule mfuko ambao mume wangu aliukumbatia kifuani.

"Mmeniletea nini?"

"Taulo, daktari."

"Taulo la nini?"

Mume wangu alitazama feni. "Sikujua kama kuna… zoezi."

Mshauri alicheka mpaka akajifuta macho, lakini hakutucheka sisi, mtu analijua hilo. "Baba, wengi wanakuja na hofu hiyo, ila wewe ndiye wa kwanza kujiandaa. Humu havuliwi hata soksi. Humu tunaongea. Weka taulo lako chini."

Akaliweka. Mabega yake yakashuka, na yangu pia.

Yule mama aliongea maneno wazi. Alisema uke, akasema uume, kama mimi ninavyosema kitana na draya. Mara ya kwanza nilisikia uso unawaka. Baadaye niliona kwamba jambo likitajwa kwa jina lake linapungua ukubwa. Aliuliza lilianza lini, tulifundishwa nini, nani alituambia nini. Nilimsimulia ya shangazi. Mume wangu, alipoulizwa yake, alisugua magoti kwanza. Alisema marafiki walimwambia usiku wa kwanza mwanamume lazima ajulishe kwamba amefika, asipofanya hivyo mke atamdharau maisha yote. Nilimgeukia. Sikuwahi kujua kwamba na yeye alifungiwa chumbani akapewa mafunzo.

"Sasa sikilizeni," alisema mshauri, akanyoosha kidole taratibu kuelekea jicho langu. Nikafumba. "Nimekuambia ufumbe?"

"Hapana."

"Umeamua mwenyewe?"

"Limefumba tu."

"Ndivyo misuli yako ya huko inavyofanya. Uliambiwa maumivu yanakuja, mwili ukakaa mlangoni kuyasubiri. Si kiburi, si jini, na si kwamba humpendi. Na wewe baba, akili yako ukifika kitandani inauliza: leo nitaweza? leo nitamuumiza? Mwili wenye hofu hauwezi kazi hiyo. Damu inakwenda kwingine."

Alitutuma kwanza kwa daktari, mimi niangaliwe kwa nje tu kama kuna kidonda au maambukizi, mume wangu apimwe sukari na presha. Alisema huwa haruki hatua hiyo, kwa sababu mara nyingine tatizo liko hapo. Kwetu halikuwapo. Tuliporudi Jumatano nyingine na majibu, nilidhani sasa atatupa dawa. Akatupa marufuku.

"Kuanzia leo, tendo lenyewe hapana. Hata mkitamani, hapana. Mpaka niseme."

"Marufuku?" mume wangu aliuliza. "Mama, si hilo ndilo lililotuleta?"

"Ndilo. Na kila mkisogeleana mnalifikiria hilo, mnaogopa. Nimeliondoa mezani. Sasa hakuna mtihani, hakuna wa kufeli."

Badala yake alitupa kazi ya nyumbani. Tukae mahali penye utulivu, mmoja amguse mwenzake, mkono, mgongo, miguu, asiguse zile sehemu, na anayeguswa aseme panapompendeza na pasipompendeza. Kisha tubadilishane. Basi. Na mimi peke yangu nilipewa mazoezi ya kupumua, kubana na kulegeza ile misuli mpaka niijue, kujitazama kwa kioo, na baadaye kidole changu mwenyewe, taratibu, bila mtu kunisubiri.

Wakati anaeleza nilikuwa nafikiria vichwa vya watu. Kuna wateja ambao shingo zao ni ngumu kama mti. Wamewahi kuvutwa nywele vibaya utotoni. Ukimwambia "legeza shingo" anazidi kukaza. Shingo haiamriwi. Ninachofanya ni kuweka kiganja begani pake na kukiacha hapo, naongea mambo mengine, mpaka shingo yenyewe ichoke kuogopa. Niliyajua hayo kwa vichwa miaka yote, na sikuwahi kudhani yanahusu sehemu nyingine ya mtu.

Jumapili alasiri mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna mgeni angekuja. Tulikaa kitandani kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Akaanza na mkono wangu, kutoka kiwiko kwenda juu, polepole, kichwa amekiinamisha upande.

"Unanipima kama nimenyooka?" nilimuuliza.

Akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake chumbani kwa muda mrefu. "Umenyooka. Ila hapa kwenye bega kuna mwinuko."

"Hapo hapana. Shuka kidogo. Hapo."

"Hapa?"

"Hapo."

Nilijisikia ajabu. Ni maneno madogo sana, hapo na hapana, na nilikuwa sijawahi kumwambia mume wangu hata moja kati ya hayo kuhusu mwili wangu. Zamu yangu ilipofika nilimgusa magoti, yale magumu. Akaniambia kwamba hapo hasikii kitu kabisa, lakini nyuma ya goti anasikia mpaka kichwani. Sikujua. Hata yeye alikuwa hajui.

Wiki zikaenda hivyo. Akaacha kazi za mbali. Asubuhi, akishatoka, nilifunga mlango nikafanya mazoezi yangu. Siku niliyojitazama kwa kioo nilikaa pale muda. Nilikuwa nimeishi katika mwili huu kama mpangaji aliyekatazwa chumba kimoja, na chumba chenyewe hakikuwa na cha kutisha.

Kama tungeendelea vile, labda nisingekuwa na hadithi. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na baba mdogo alishakata tiketi. Wifi alipita tena saluni, hakuingia, alisimama tu mlangoni akanitazama tumboni, akaenda zake. Mimi nikaingiwa na papara. Niliona kwamba nikiingia kwenye kile kikao nikiwa bado msichana, nitatoka bila mume.

Basi alasiri moja, tukiwa kwenye kazi ya nyumbani, tena siku nzuri, yeye mwili wake ulikuwa umeamka bila kuitwa, nikamvuta. "Tuendelee," nilimwambia.

"Mshauri amekataza."

"Mshauri hayupo hapa."

Akasita. Akaendelea. Na kweli mlango haukufunga wote kama zamani. Lakini maumivu yakaja, yale yale. Akauliza, "Inauma?"

"Haiumi," nikasema.

Nikakaza meno. Nilitazama pembe ile ile ya dari. Nikajiambia vumilia, imebaki kidogo, ukitoka hapa una cha kusema. Chozi likanitoka bila ruhusa, likateremka mpaka sikioni, naye akaliona. Alijitoa kama mtu aliyegusa waya wa umeme. Alikaa pembeni ya kitanda, amenipa mgongo.

Jumatano tuliingia kwa mshauri kama watoto walioiba sukari. Hakugomba. Aliuliza tu, "Nani aliamua kuendelea wakati inauma?"

"Mimi," nilisema.

"Yeye alijua kwamba inauma?"

"Hapana. Aliuliza, nikasema haiumi."

Mume wangu aligeuka kwenye kiti. "Na zile mara nyingine? Toka mwanzo. Nilikuwa nakuuliza kila mara."

Feni ikalia pale juu.

"Kwa hiyo uliniacha nikuumize," alisema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Mwaka mzima. Mimi najiona mgonjwa, nakunywa machupa, kumbe mwili wangu ulikuwa unajua kitu ulichokuwa unanificha."

"Niliambiwa nisitoe sauti," nilisema.

"Na mimi nilikuambia nini? Si nilikuuliza?"

Akasimama, akatoka. Mshauri hakumfuata. Alinisogezea karatasi laini, akasubiri. Nilipotulia aliniambia hivi: kwamba uvumilivu wangu ulikuwa na nia njema, lakini ulimwacha mume wangu gizani. Mtu asiyeambiwa anapoumiza hawezi kujua pia asipoumiza, kwa hiyo anaogopa kila mahali. "Tiba yenu iko hapo," alisema. "Hayo mengine ni mazoezi tu."

Nilipofika nyumbani mashati yake mawili hayakuwapo. Alikuwa amekwenda kwa dada yake. Nilikaa peke yangu mpaka siku ya kikao, na kwenye kikao nilikwenda peke yangu.

Sebule ya wifi ina makochi yaliyoachwa na nailoni zake za dukani, ukikaa yanalia. Baba mdogo, karani mstaafu, alikuwa kwenye kochi kubwa na kijiti mdomoni. Mume wangu alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha. Hakunitazama. Nilisalimia, "Shikamoo baba mdogo," akaitikia, nikakaa karibu na mlango.

Wifi hakuzunguka. "Mara ya mwisho mlikutana lini? Maana hapa hatufichani."

Mume wangu akakohoa. "Tumekatazwa."

"Mmekatazwa? Na nani?"

"Na mshauri wa hospitali."

"Yesu wangu! Hospitali siku hizi inakataza watu kuzaa?"

"Huyo mshauri," baba mdogo aliuliza, akatoa kijiti, "yeye mwenyewe ana mume?"

"Baba mdogo, si hivyo," alisema mume wangu. "Dada, nilipokuwekea vigae jikoni, si nilikukataza kukanyaga mpaka saruji ishike? Ukanitukana kwamba unataka kupika. Sikuwa nakukataza kutembea kwako maisha yote."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, hilo alilielewa. Wifi hakulielewa, au hakutaka. "Mimi sijui vigae. Mimi nataka kujua nani mgonjwa. Lazima kuna mmoja. Kama ni huyu, arudi kwao akatibiwe huko. Sema, mdogo wangu, usiogope. Ni nani?"

Niliona kidole gumba cha mume wangu kinasugua goti lake, kwenda na kurudi.

"Ni mimi," alisema. "Mimi sijiwezi. Mwacheni aende bila lawama yoyote, yeye ni mzima. Atapata mwanamume mwingine."

Wifi alishika kifua. Na mimi nilimtazama mume wangu, nikaona anavyokaza taya, macho ameyaweka kwenye pembe ya dari. Nilikuwa naujua mkao ule. Alikuwa amejitwisha mzigo, anaubeba peke yake, ili wengine tusiumie. Watu waliniambia baadaye kwamba lilikuwa tendo la heshima kubwa. Mimi lilinitia hasira.

"Si kweli," nilisema.

Wote wakageuka. Mke haulizwi kwenye kikao kama kile, anasubiri kuambiwa. Sauti ilinitoka nyembamba, nikaendelea nayo hivyo hivyo.

"Inaniuma. Imeniuma tangu siku ya kwanza, na sikumwambia. Akiniuliza nasema haiumi. Ndiyo maana na yeye akaanza kuogopa. Hakuna wa kurudishwa hapa. Tunatibiwa wote wawili, kwa pamoja, na tulikuwa tunaendelea vizuri mpaka niliposikia habari ya kikao hiki nikaingiwa na haraka. Mimi siondoki. Labda yeye mwenyewe aniambie ondoka, hapa, mbele yenu."

Kochi la baba mdogo likalia. Nilikuwa nimesema yote, na sasa lililobaki halikuwa langu.

Mume wangu alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ile ya feni. Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama kabla ya kukata.

"Ukiumia, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata kama nitakasirika?"

"Hata ukikasirika."

"Na siku ukiwa hutaki?"

"Nitasema sitaki. Na wewe usinibebee mambo peke yako ukadhani unanisaidia."

"Sawa."

"Samahani," alisema baba mdogo, "hiki kikao ni chetu au ni chenu?"

Mume wangu akamgeukia dada yake. Aliongea kwa upole, maana ni dada aliyemlea. "Dada, simrudishi. Nisamehe. Mtoto akija tutafurahi wote, asipokuja tutakuambia sisi wenyewe. Lakini mambo ya chumbani kwetu usiyaitie watu tena."

"Maumivu!" wifi alisema. Macho yalikuwa yamemwiva. "Kwani nani haumii? Mimi mbona niliumia miaka yote, na nikazaa, na sikumwambia mtu?"

Nadhani alijisikia mwenyewe, kwa sababu alibaki mdomo wazi kidogo, kisha akainama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Nilisimama nimsaidie. Akaniachia vikombe viwili, bila kunitazama, na tukavipeleka jikoni.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mashati yake mawili kwenye mfuko. Alikuwa bado amekasirika na alinieleza hivyo, njia nzima, na mimi nilisikiliza. Jumatano tulikwenda chumba cha mwisho. Mshauri alituanzisha upya kutoka mkono na mgongo, na ile marufuku aliiondoa kidogo kidogo kwa kadiri alivyotuona, hatua moja, tunakaa hapo, hatua nyingine. Kuna wiki tulirudi nyuma. Kuna siku nilisema hapana, akanuna, akatengeneza chai, akaniletea na mimi.

Lilipowezekana, ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, jua limeshaingia dirishani, wala hatukuwa tumepanga. Aliniuliza, "Inauma?"

"Kidogo. Ngoja."

Akangoja. Alikuwa amenitazama usoni, na uso wake haukuwa na hofu, ulikuwa unasubiri tu kuambiwa. Nikapumua kama nilivyofundishwa. Nikamwambia, "Sasa."

Sote tulichelewa kazini. Redio alikuwa ameshaanza kuwaosha wateja wangu, akaniuliza mbele ya watu nimekuwa wapi mpaka saa hizi. Nilimwambia maji yalikatika, nikafunga aproni, na sikumwongezea neno.